Chano Kikubwa cha Bibi Somoe

Sisi tuliokulia Pande kabla nyaya za umeme hazijavuka mashamba ya minazi tulikuwa na misuli, tena ya bure. Nalisema hili kwa sababu mpwa wangu mmoja, kijana mtanashati anayeishi mjini, aliwahi kunionyesha kwenye simu picha ya ukumbi anaokwenda kufanya mazoezi. Ndani yake vijana wamejipanga mbele ya kamba zilizofungwa ukutani. Wanazivuta, wanaziachia, wanazivuta tena, jasho linawatiririka, na kisha wanalipia. Nilimuuliza, "Sasa upande wa pili wa kamba kuna nini?" Akasema, "Hakuna kitu, mama mdogo, ni vyuma tu." Nilimhurumia sana. Enzi zetu kamba ilikuwa na kitu upande wa pili.

Kitu chenyewe kilikuwa mti, na aliyeusubiri uzunguke alikuwa baba yangu, Fundi Hamisi, mkereza. Kwa wasiowahi kumwona mkereza, huyu ni fundi anayefanya mti uzunguke mbele yake huku ameuwekea patasi, mpaka kila kisicho cha mviringo kitoke na kibaki kilicho laini kama shingo ya mtungi. Vitanda vya maarusi wa Pande, na vingi vya Kilwa Masoko, vilisimama juu ya matendegu yake. Kerezo lake lilikuwa nguzo mbili zilizochimbiwa uani, mhimili wa mti mgumu katikati yake, na kamba ya katani iliyozungushwa kwenye mhimili huo. Kamba ilikuwa na ncha mbili, na kila ncha ilikuwa na watoto. Kundi moja likivuta, mti ulizunguka kumwelekea baba na patasi ikala. Kundi la pili likivuta, mti ulirudi na patasi ikapumzika.

Mnadhani tuliridhika na mgawanyo huo? Kila Alasiri, tukitoka chuoni na juzuu zetu kwapani, tulikimbia kuwahi ncha ya kukata. Waliochelewa walipewa ya kurudisha, na walizomewa mpaka Magharibi. "Nyie mnarudisha tu! Sisi ndio mafundi!" Zuhura, binti wa baba mkubwa, aliyekuwa rika langu na mwenye mdomo kuliko sisi sote, alitujibu, "Haya, tukiacha kurudisha mtakata nini, kivuli?" Harufu ya mti mbichi, vumbi jekundu la mninga kwenye nyusi, maranda yaliyojikunja ambayo tuliyavaa masikioni kama vipuli: leo nikipita karibu na kiwanda cha mbao, miguu hupunguza mwendo yenyewe.

Vumbi hilo hilo ndilo lililoleta kisa.

Nyumba yetu na ya kaka yake baba, baba mkubwa Salumu, zilipakana mgongo kwa mgongo, na katikati palikuwa na kilango cha ua ambacho hakikuwahi kuwa na komeo. Baba mkubwa alikuwa akinunua samaki pwani, mkewe anawapasua na kuwaanika juani wawe ng'onda, na wafanyabiashara wa Kikole wanakuja kuwachukua. Msimu mmoja baba alikereza mninga siku nyingi mfululizo, na upepo ulivuma kutoka kwetu kwenda kwao. Mteja wa Kikole alifika, akachukua samaki mmoja, akampangusa kwa kidole, akauliza kwa adabu kabisa, "Mzee Salumu, huyu amevuliwa baharini au amechongwa?"

Baba mkubwa hakuwa mtu wa kuchekwa mbele ya wateja. Alikuja uani kwetu na samaki mkononi na kusema mengi. Baba, badala ya kuomba radhi, alisema kwamba hata harufu ya ng'onda imewahi kumfukuzia mteja wa kitanda cha arusi, na yeye hakwenda kulalamika. Kufika jioni, kilango cha ua kilikuwa kimezibwa kwa bati, na misumari yake ilipigwa kwa nguvu ambayo haikuhitajika.

Wazee wale wawili hawakusemezana tena. Msikitini walisali safu moja, mmoja mwanzo na mwingine mwisho. Sisi watoto tuliendelea kuvuta kamba pamoja, kwa kuwa hakuna bati lililoweza kumzuia Zuhura. Aliyeumia alikuwa Bibi Somoe, mama yao. Bibi alikuwa na desturi ya kula mchana kwa mwanawe mdogo na usiku kwa mwanawe mkubwa, akipita kilangoni. Sasa ilimbidi atoke mbele, azunguke msikiti, apite dukani kwa Mhindi, aingie kwa baba mkubwa kupitia barazani. Kila alipoanza safari hiyo alihakikisha mtaa mzima unamsikia.

"Nimewanyonyesha ziwa moja, leo nazungushwa njia kuu kama niliyekuja kuuza mchicha!"

Ramadhani ilipoingia, Bibi alipata mialiko miwili ya Idi: mwana huyu anamtaka kwake, na yule anamtaka kwake. Hakujibu hata mmoja. Siku ya pili alikuja na mkeka wake, akakaa mbele ya kerezo, akasema, "Hamisi, nikerezee chano."

Chano, kwa wenzangu mliozaliwa pamoja na sahani za plastiki, ni sinia ya mti yenye kitako kifupi, chombo cha kulia watu wengi. Baba akamuuliza cha watu wangapi.

"Cha wote. Wako na wa kaka yako. Idi hii nataka mle chombo kimoja, nami nikiwaona. Sijui ya mwakani nitakuwa wapi."

Mama akanong'ona kwamba wanaume hula barazani na wanawake uani. Bibi alimsikia. "Idi hii ni ya tumbo langu," alisema, "na humo tumboni sikuweka pazia."

Hapo ndipo upimaji ulipofanyika, na nawaomba muutazame vizuri. Bibi alituamuru tukae mduara mchangani, goti kwa goti, kama tunavyokaa kwenye sinia. Watoto wa kwetu, watoto wa kwa baba mkubwa, mama, na mama mkubwa ambaye aliitwa kwa siri. Baba mkubwa hakuwepo, kwa hiyo nafasi yake ikashikwa na kinu, kilichokuwa kitu pekee uani chenye unene wake. Baba akapigilia kijiti katikati, akafunga uzi, akachora duara mbele ya magoti yetu. Bibi akazunguka, akamsogeza huyu, akambana yule, akahakikisha hakuna aliyeachwa nje. Kisha akasema, "Imetimia." Tulikuwa watu wazima kadhaa na watoto chungu nzima, na wote tulitazama ukingo tu.

Mti wa upana ule haupatikani pwani. Mama yangu ni Mmwera wa Milola, na kaka yake, mjomba Chinduli, alileta juu ya lori kipande cha mvule kilichopasuliwa kwenye shina karibu na mizizi. Wanaume walikibingirisha uani kwetu huku jirani wakitoka kutazama. Mjomba, ambaye utani hakuuacha hata msibani, alikisimamisha, akarudi nyuma, akashika kiuno. "Shemeji," alimwambia baba, "nyie watu wa pwani mnatengeneza chombo cha kulia au uwanja wa ndege?"

Baba alikata pembe kwa shoka na tezo, akakipigilia kipande hicho kwenye ncha ya mhimili mpya, mnene kama paja. Tukashika kamba, tukavuta. Mti haukutikisika. Tukavuta tena, wawili wakaanguka. Kitu kizito namna hiyo kilihitaji mtu mzima mwenye kifua kwenye ncha ya kukata, wa kukianzisha na wa kukizuia kisipitilize, na mtu huyo alipaswa kumjua mkereza vizuri, kwa kuwa kamba ikivutwa ovyo patasi hung'ata na kurukia uso wa fundi. Mjomba alijaribu jioni moja, akarudi Milola akisema mgongo wake ni wa kulimia tu. Pande nzima alikuwepo mtu mmoja aliyewahi kumshikia baba kamba tangu utotoni.

Bibi akaenda, kwa kuzunguka msikiti. Zuhura alikuwepo na ndiye aliyetusimulia.

"Mdogo wako hana mshika kamba."

"Akatafute punda."

"Punda nimemzaa mwenyewe," Bibi akamjibu, "ndiyo maana nimekuja moja kwa moja."

Siku ya pili baada ya Alasiri baba mkubwa aliingia uani kwetu bila kubisha, akavua kofia, akaitundika kwenye nguzo, akashika kamba. Hakumsalimu mtu. Baba alitazama patasi yake kama anayeiona kwa mara ya kwanza. Walisimama karibu kiasi kwamba mmoja angeweza kumwazima mwingine kiberiti, na bado walihitaji tarishi. Nilikuwa karibu, nikateuliwa.

"Fatuma, mwambie aliyeshika kamba kwamba huu ni mti, si papa. Avute pole."

"Baba mkubwa, baba anasema—"

"Nimesikia. Mwambie fundi maranda, mimi navuta vizuri tangu yeye hajaota meno. Asimame sawasawa."

"Baba, baba mkubwa anasema—"

"Nimesikia!"

Watoto tulijifunga vitambaa mdomoni, si kwa ajili ya vumbi.

Hata hivyo nawaambieni, mikono yao haikuwa imegombana. Siku chache tu na mvule ule ulikuwa ukienda na kurudi bila mtikisiko, baba mkubwa akianzisha, sisi tukifuata, upande wa Zuhura ukirudisha. Baba hakuinua hata uso, kwa kuwa alijua mvuto unaofuata utakuja lini. Maranda yalitoka mapana kama ukindu. Mama mkubwa, upande wa pili wa bati, alikuwa ameanua samaki wote bila kuambiwa na mtu.

Kulikuwa na jioni moja ya hatari. Kabari ya mhimili ililegea, lile gurudumu kubwa likaanza kuyumba kuelekea kifuani kwa baba. "Kaka, kamba!" baba alipiga kelele. Baba mkubwa alijitupa chini na uzito wake wote, akaizuia kamba iliyokuwa ikimchoma viganja. Mti ukasimama. Baba akaja, akavifunua viganja vya kaka yake, akavitazama, akaenda ndani kuleta mafuta ya nazi, akampaka kidole kwa kidole. Bibi alifumba macho na kusema alhamdulillahi. Tulijua yamekwisha.

Wapi! Kesho yake, kamba ilipofungwa upya, nikasikia: "Fatuma, mwambie aliyeshika kamba leo tunaanza na kitako." Bibi alichukua mkeka wake akaingia ndani. Hakutoka mpaka adhana.

Chano kilikamilika siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Sijaona tena chombo kama kile. Ukingo wake uliinuka kidogo na kukunjika kama mdomo wa ganda la kombe, na chini baba alichora duara jembamba ambalo hakuna aliyeliona isipokuwa waliokibeba. Mlangoni hakikuingia, kwa hiyo siku ya Idi kiliwekwa uani juu ya mikeka. Wanaume walitoka kuswali na kanzu nyeupe. Mama na mama mkubwa wakasimama pande mbili, wakamimina pilau, na katikati kabisa, kama ada ilivyo, wakarundika nyama ya mbuzi. Mjomba Chinduli alikuwa mgeni wetu. Tukakaa goti kwa goti. Baba mkubwa alikaa palepale penye nafasi ya kinu na akaenea barabara. Baba alikuwa ng'ambo ya pili, akimkabili. Bibi akasema bismillahi.

Mnazijua adabu tulizolelewa nazo. Unakula mbele yako. Hunyooshi mkono kwa mwenzako. Huinui makalio mkekani kwa tamaa ya kitoweo. Na nyama haiguswi mpaka mkubwa wa chombo amegawa.

Baba mkubwa, mkubwa wa chombo, akanyoosha mkono kugawa. Vidole vikaishia kwenye wali. Akajivuta mbele kidogo, akanyoosha tena, lakini tumbo lilifika kabla ya mkono. Akarudi nyuma, akala tonge la wali kana kwamba ndilo alilolikusudia. Baba naye akajaribu kwa mbali, akakwama. Hapo sote tukaelewa kwa pamoja. Tulikuwa tumepima magoti, hakuna aliyepima mikono.

Tukaendelea kula wali mtupu, macho yote kwenye nyama. Kaka yangu mdogo akajitolea kutambaa juu ya chano. Jicho la Bibi likamkalisha. Mjomba akatafuna, akameza, akasema kwa upole, "Pwani yote hii, hamna hata mtumbwi wa kutuvusha?"

Hakuna aliyecheka. Nilimwona Bibi ameinamisha kichwa, tonge limebaki mkononi. Idi yake aliyoitaka ilikuwa mbele yake, wana wote wawili kwenye chombo kimoja, na kila mmoja akitazama wali wake. Nikaona na midomo ya baba inafunguka, nami nikajiweka sawa kupokea ujumbe.

Hakunitazama. Alisema, "Kaka, nyanyua upande wako kidogo."

Baba mkubwa akashika ukingo. Masikini, siku zote zile alizoea kuanzisha mvule mzito kwa kifua chote, akanyanyua vilevile. Nyama ikateleza, yote, pamoja na mchuzi wake, ikavuka pilau kama kundi la mbuzi likishuka mlima, ikaishia mapajani mwa baba, juu ya kanzu mpya iliyopigwa pasi ya mkaa usiku wa kuamkia.

Baba mkubwa alikuwa bado ameshika ukingo hewani. Akaitazama kanzu, akamtazama mdogo wake, akasema taratibu, "Samaki wangu. Kanzu yako."

Baba akainama, akaokota kipande kimoja pajani, akakila. "Imeiva," alisema. Kisha akashika ukingo wa upande wake. "Haya kaka, sasa zamu yangu kunyanyua."

"Usithubutu! Hamisi! Mama, mwambie mwanao!"

"Mwambie mwenyewe," alisema Bibi, na hapo akacheka, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka na mama akaurudisha kichwani kwake. Nyama iligawanywa kutoka pajani kwa baba, kipande kimoja kimoja, na mkubwa wa chombo ndiye aliyezunguka kugawa, kwa miguu, akituruka vichwa. Bati liliondoka kilangoni kabla ya Alasiri. Misumari ilipigwa kwa ghadhabu, kwa hiyo ilihitaji wanaume wawili kuing'oa.

Bibi alikula Idi nyingine kadhaa kwenye chano kile. Tulijifunza kupanga nyama kandokando, na mjomba kila mwaka aliuliza mtumbwi uko wapi. Sasa wazee wote hao wamekwenda mbele ya haki. Chano chenyewe kilipasuka kiangazi kimoja, na mara ya mwisho nilipofika Pande nilikikuta ni kifuniko cha tangi la maji. Hakilalamiki, na maji yanabaki safi.

Mimi sasa ninaishi Lindi mjini, na nafundisha. Idi yetu ya leo iko kwenye simu. Zuhura yuko Mtwara, wadogo zangu Dar es Salaam, wanangu kila mmoja na mkoa wake. Ikifika saa ya kula kila mtu hutuma picha: sahani yake, kijiko chake, kipande chake cha nyama alichokifikia bila taabu. Tunaandika "mashallah". Kuna wawili kwenye kundi hilo hawajasemezana tangu mwaka juzi, na wala huwezi kuwajua, maana nao huandika "mashallah". Nyumba zao hazijapakana. Hakuna hata kilango cha kuziba.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa kijana mmoja anayekereza kwa umeme. Anafanya kazi peke yake, vipokea sauti masikioni, mti unazunguka upande mmoja tu bila kurudi. Ni fundi hodari, nisimwonee. Alizima mashine, akanisalimu, "Shikamoo, mama." Nikamwambia ninataka chano.

"Cha kutundika ukutani, mama? Siku hizi hoteli zinavipenda hivyo, vinang'aa kinoma."

"Cha kulia."

Akacheka kwa adabu, akachukua utepe wa kupimia. "Sawa, mama. Watu wangapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakuta lazima kwanza nihesabu. Mume wangu na mimi. Binti, kama atapata ruhusa kazini. Zuhura, kama miguu haimsumbui. Kijana alisubiri, utepe ukining'inia mkononi. Nikamwambia cha watu wanne kinatosha, tukakubaliana, nikatoka mpaka barabarani. Kisha nikawakumbuka wale wawili wa mashallah, nikarudi. Mashine ilikuwa imeshawashwa, ikabidi nimguse bega.

"Ongeza," nilimwambia.